Bloku ya Injini Iliyopasuka kwenye Gari ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na wenye gari za zamani hapa Unguja, na wengine kutoka Pemba. Wengi wao gari wameachiwa na baba au babu, na hawako tayari kuiona ikiozea chini ya mwembe. Mimi mwenyewe nina Morris 1000 ambayo injini yake nimeishusha mara mbili, kwa hiyo mifano mingi ni ya Morris. Austin, Peugeot 404 na Land Rover za zamani zinafuata njia ile ile, na pale zinapotofautiana nitasema.

Gari inachemsha na maji yanapotea. Ndiyo bloku imepasuka?

Bado. Bloku, yaani mwili mkubwa wa chuma wenye silinda ndani, ni ya mwisho kushukiwa. Kabla yake kuna mipira ya rejeta, kifuniko cha rejeta kilicholegea, pampu ya maji inayovuja kwenye shafti, rejeta iliyoziba, gasketi ya hedi, na hedi yenyewe, ile sehemu inayofunika silinda juu ya bloku. Kuna pia vile vizibo vya bati vya mviringo vilivyopigwa ubavuni mwa bloku. Huliwa na kutu kwa ndani, na maji yakianza kutoka huteremka ubavuni hadi mtu akaapa kuwa ni ufa. Kizibo kipya ni kitu cha bei ndogo sana. Nimeona injini nzima ikishushwa kwa ajili ya kizibo kimoja nyuma ya ekzosi.

Mwenye Peugeot 404 ana jambo moja la ziada. Slivu zake, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoa na zinagusana na maji moja kwa moja, kwa hiyo mpira au gasketi ya chini ya slivu ikichoka, maji huingia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na bloku ikiwa nzima kabisa.

Nitajuaje kuwa maji yanaingia ndani ya injini?

Chomoa kijiti cha oili asubuhi, kabla hujawasha. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kiwango chake hupanda badala ya kushuka. Angalia na plagi: silinda inayoingiza maji plagi yake huwa safi kupita wenzake, kama iliyooshwa. Moshi mweupe wa ekzosi usiokoma hata injini ikishapata moto ni dalili nyingine. Hali kadhalika mapovu yanayopanda kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma na kifuniko kiko wazi, maana hapo ni hewa ya mlipuko inayopenya kwenye njia za maji. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa baridi, kisha ndiyo uwashe. Anayefungua rejeta ya moto anaungua uso.

Lakini tahadhari. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na gari ya zamani mara nyingi hutoka nyumbani hadi Darajani na kurudi, haijapata moto vizuri. Katika mwendo huo mvuke hujikusanya chini ya kifuniko cha oili na kutengeneza utando mweupe kama malai. Utando huo pekee haumaanishi chochote. Endesha gari safari ndefu, nenda Mkokotoni urudi, kisha angalia tena. Kama kijiti ni kisafi na maji hayajapungua, injini yako haina neno.

Fundi ameniambia bloku imekraki. Nimwamini?

Mwombe akuonyeshe ufa. Fundi mkweli hatachukia, na ufa wa kweli unaonekana. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: bloku isihukumiwe mpaka ufa uonekane kwa macho, kwa sababu dalili zote nilizotaja hapo juu gasketi iliyoungua huzitoa vile vile.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza napima presha ya mfumo wa maji injini ikiwa baridi. Hapa si lazima uwe na kifaa cha dukani. Kifuniko kikuukuu cha rejeta kikitobolewa na kuwekwa valvu ya tyubu na geji ndogo, pampu ya baiskeli inatosha. Usipite namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chako halisi. Gari hizi nyingi zilitengenezwa kwa presha ndogo, na ukizidisha utapasua rejeta iliyokuwa nzima. Kama sindano inashuka na nje hakuna tone, maji yanaingia ndani.

Kisha napima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda moja moja. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gasketi imeungua kati yao. Pana pia dawa ya buluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, ambayo hugeuka manjano ikikutana na hewa ya ekzosi. Inakwambia moto unapita upande wa maji, ila haikwambii unapitia wapi.

Baada ya hapo hedi inafunguliwa. Soma gasketi kama unavyosoma barua: mahali palipoungua huwa peusi, mahali maji yalipopenya huwa na kutu au chumvi. Hedi ikaguliwe yenyewe, hasa kati ya valvu, maana kwenye injini ya Morris hedi hupasuka hapo mara nyingi kuliko bloku kupasuka popote. Hedi na gasketi zikiwa nzima, sasa ndiyo tuitazame bloku.

Ufa unaonekanaje, na mimi sina mashine?

Kwa mafuta ya taa na chokaa. Ni njia ya wazee, na mpaka leo naiamini.

Sugua bloku kwa brashi ya waya na petroli mpaka chuma kionekane. Iache ikauke. Paka mafuta ya taa kwa brashi mahali unapopashuku, uyaache usiku kucha. Asubuhi yafute kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usipate unyevu, kisha paka chokaa laini iliyokorogwa na spiriti, nyembamba kama rangi ya ukutani. Spiriti hupaa kwa dakika chache na chuma kinabaki cheupe chote. Sasa kaa usubiri. Mara ya kwanza nilifanya barazani kwetu, na kwa muda sikuona kitu. Halafu kati ya tundu la stadi (bolti inayoshika hedi) na silinda ya tatu kikajitokeza kiuzi chembamba cha kijivu, kama unywele uliolowa, kikarefuka taratibu kufika karibu urefu wa kidole. Ni mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa, yanafyonzwa na chokaa. Macho matupu yalikuwa yamepita pale mara kumi.

Dukani kuna makopo matatu yanayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: la kusafishia, la rangi nyekundu na la unga mweupe. Ni bora zaidi kwa nyufa ndogo. Karakana kubwa za Dar es Salaam hufunga matundu yote ya bloku kwa sahani, huijaza hewa na kuizamisha kwenye maji ya moto. Maji ya moto yana sababu: ufa mwingine hufunguka chuma kikiwa na joto tu.

Kwa nini bloku ipasuke hapa kwetu, ambako hakuna barafu?

Bloku hizi ni za chuma cha kuyeyushwa. Chuma hiki hubeba mzigo mkubwa kikibanwa, lakini hakivumilii kuvutwa wala kubadilishwa joto ghafla. Sababu kubwa ninayoiona Unguja ni mkono wa binadamu: gari imechemsha Michenzani, mwenyewe kaingiwa na hofu, kachukua dumu la maji baridi kamimina. Upande mmoja wa bloku unasinyaa na mwingine bado umetanuka, na pakikosa nafasi chuma kinaachana. Gari ikichemsha, zima, fungua boneti, tafuta kivuli. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika hedi kwa kiganja.

Sababu ya pili haijulikani sana. Ukifunga bolti ya hedi kwenye tundu lenye maji au oili chini yake, maji hayabanwi. Yanasukuma kuta za tundu kwa nguvu zote za spana, na tundu linapasuka. Ndiyo maana kabla ya kufunga, kila tundu lipulizwe likauke.

Sababu ya tatu ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, iliyokatika na kutoboa ubavu. Hiyo haihitaji chokaa kuitambua.

Nikitia maji ya kisima kwenye rejeta kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa. Visima vya karibu na pwani vina chumvi pia. Chokaa hiyo unaiona nyumbani kwenye birika. Ndani ya bloku hufanya ganda lile lile nyuma ya silinda za mwisho, ambako maji hupita polepole, na chuma cha pale hakipoi tena. Chumvi kwa upande wake hula vizibo na kuta. Nimewahi kukwangua zaidi ya kikombe cha tope gumu ndani ya bloku moja, na mwenyewe akashangaa kwa nini rejeta mpya haikumsaidia.

Tia maji ya mvua yaliyokingwa safi, au yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, pamoja na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Watu husema kulanti ni ya nchi za baridi. Kinachotufaa sisi ni dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake, na kwamba huchelewesha maji kuchemka. Kifuniko kizima nacho kina kazi: kile cha paundi 7 kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi kama nyuzi 111. Kulanti ni tamu na ni sumu. Isimwagwe chini ikaachwa, maana paka wataramba, na mtoto naye hajui.

Na themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ikiharibika usiitupe ukaacha pengo. Ibadilishe.

Ufa ukishapatikana, unaweza kutengenezwa?

Inategemea uko wapi. Ufa wa ukuta wa nje, ambako ndani yake ni maji tu, unatengenezeka. Ufa ndani ya silinda mara nyingi unatengenezeka kwa kuchonga silinda na kuingiza slivu kavu. Ufa unaokatiza kiti cha beringi kubwa za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), pale chini kabisa, mimi siugusi. Sehemu hiyo inabeba kila mlipuko wa injini, na ikiachia ukiwa barabarani hutabaki na krenki wala bloku.

Kwa ukuta wa nje njia ninayoipendelea ni kushona kwa pini. Kwanza unatoboa tundu dogo, kama milimita 3, mwanzo na mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Kisha unatoboa matundu kufuata ufa, unayakata nyuzi, unafunga pini za nyuzi, na kila pini inayofuata inakula kidogo kwenye iliyotangulia. Mwisho zinakatwa na kugongwa zikalingana na ukuta. Hakuna moto, kwa hiyo chuma hakipindi. Kazi ni ya subira. Ufa wa inchi nne unaweza kukumalizia siku nzima.

Kuchomelea kunawezekana, ila si kwa fimbo ya kuchomelea mageti. Inatakiwa fimbo ya nikeli, vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, kila kimoja kigongwe kwa nyundo ndogo kingali cha moto na kiachwe kipoe kabla ya kinachofuata. Afadhali bloku nzima ipashwe moto kabla, na baadaye ifukiwe kwenye jivu au mchanga mkavu mpaka kesho yake. Anayechomelea bloku baridi kwa dakika kumi anakuachia ufa wa pili kando ya ule wa kwanza. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na inaniuma kwa sababu bloku ile ilikuwa inatengenezeka.

Gundi ya chuma ya kuchanganya inashika kwenye ukuta wa nje uliosafishwa vizuri. Sitaidharau. Kuna gari inatembea nayo miaka.

Na zile dawa za kumwaga kwenye rejeta?

Za kukufikisha nyumbani, sawa. Huziba ufa, na huziba mirija ya rejeta pia.

Bloku nyingine naipata wapi, na niangalie nini?

Anza kuuliza hapa hapa. Ng'ambo na mashamba kuna gari zilizolazwa nyuma ya nyumba miaka mingi, na mzee mwenye nyumba akiendewa kwa adabu, akaambiwa kuwa kifaa kinakwenda kwenye gari inayotembea, mara nyingi hukubali. Baadaye Dar es Salaam, Gerezani na Ilala. Uingereza zipo nyingi, kwa kuwa Morris Minor, ambayo Morris 1000 ni toleo lake, zilitengenezwa tangu 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 70 na wenyewe wanazitunza hadi leo.

Sasa sikilizeni lililonipata. Bloku yangu ya pili niliagiza nchi za nje, muuzaji akanihakikishia ni nzima. Ikashushwa bandarini Malindi, nikailipia, nikaipeleka nyumbani. Nilipoipiga chokaa ilikuwa na ufa wa ulalo ubavuni, chini kidogo ya vizibo, na vizibo viwili vimesukumwa nje. Ilikuwa imelazwa nje msimu wa baridi na maji ndani. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na chuma hakina pa kwenda. Kwa hiyo swali la barafu linatuhusu hata sisi, kwa njia ya vifaa vilivyotumika. Tangu siku hiyo naomba picha za pande zote mbili, vizibo vikiwa vimetolewa, kabla sijatoa hata shilingi.

Ukiwa nayo mkononi, piga chokaa. Weka rula ya chuma kwenye uso wa juu na upitishe fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Uso uliopinda utalazimika kusawazishwa. Pima silinda juu na chini, kwani zilizolika huwa pana juu. Zinaweza kuchongwa kufuata pistoni za saizi kubwa, kwa kawaida zilizozidi inchi 0.020, 0.040 au 0.060, kwa hiyo jua kwanza kama tayari zimeshachongwa na kiasi gani. Na hili ni muhimu kupita yote: vifuniko vya beringi kubwa vije na bloku yake mwenyewe. Vilichongwa pamoja kiwandani. Ukichukua kifuniko cha bloku nyingine tundu halitakuwa duara, na krenki itakwama au itakula beringi.

Morris yangu ina injini ya cc 948. Bloku ya cc 1098 itaingia?

Bloku peke yake, hapana. Silinda za 948 zina upana wa milimita 62.9 na za 1098 zina 64.58, na mwendo wa pistoni ni 76.2 dhidi ya 83.7. Kwa hiyo pistoni na krenki za zamani haziingii. Injini nzima ya 1098 inakaa mahali pake, lakini klachi na giaboksi zinatofautiana, basi inunuliwe pamoja na giaboksi yake. Ukiweza, fanya hivyo. Kupanda kutoka Bububu na watu wanne ndani utaona tofauti.

Kwa nini nisiweke injini ya Kijapani tu?

Wapo wanaofanya, na injini ndogo za Datsun na Toyota vifaa vyake vinapatikana. Sitamlaumu mtu ambaye gari ndiyo riziki yake. Lakini ukishakata chasi kubadilisha viti vya injini, kurudi ni kugumu. Kama bloku ya asili inapatikana, naomba uitafute kwanza.

Injini inashushwaje bila karakana?

Ondoa betri kwanza. Mwaga maji na oili, toa boneti, rejeta, kabureta, ekzosi, nyaya na waya wa mafuta. Kila waya ufungiwe karatasi yenye jina, na kila bolti irudishwe kwenye tundu lake au kwenye kopo lenye alama. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote.

Injini nzima ina zaidi ya kilo 100. Tawi la mwembe na mnyororo wa kunyanyulia vimeshusha injini nyingi visiwani, lakini tawi liwe bichi na nene. Mnazi mmoja usitumike kamwe. Mimi hufunga miguu mitatu ya mabomba mazito. Injini ikishanyanyuka, sukuma gari nyuma badala ya kuvuta injini mbele, na asiwepo mtu chini yake.

Kwenye kufunga, wapi watu hukosea?

Usafi. Bloku ikitoka kuchongwa imejaa unga wa chuma kwenye njia za oili. Toa skrubu za kuziba njia hizo, pitisha brashi nyembamba na maji ya moto ya sabuni, puliza, kisha paka oili papo hapo. Hewa yetu ya pwani inaweza kuanza kuweka kutu kwenye silinda tupu ndani ya saa chache.

Toki, yaani nguvu ya kukazia nati, ndiyo kosa la pili. Kwa injini ya Morris 1000, nati za hedi ni futi-paundi 40, beringi kubwa 60, konrodi 35. Hedi ifungwe kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, na irudiwe baada ya safari za mwanzo. Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe injini mpaka presha ya oili ionekane. Mfuatano wa silinda kuwaka moto ni 1-3-4-2. Kilomita 800 za mwanzo endesha bila kuibana.

Namba ya injini imebadilika. Nifanye nini na kadi ya gari?

Ipeleke kadi kwenye ofisi ya usajili wa vyombo vya moto ukiwa na risiti ya bloku, kabla hujasimamishwa barabarani. Kwenye Morris namba iko kwenye kibati kilichopigwa ubavuni mwa bloku. Usihamishe kibati cha zamani kwenye bloku mpya, hata ukishauriwa hivyo. Wala usikubali kununua bloku isiyo na risiti.

Niko Chake Chake. Karakana ya kuchonga iko mbali.

Fungua kila kitu nyumbani na usafirishe bloku tupu, ikiwa na vifuniko vyake vimefungwa mahali pake na pistoni zako mpya ndani ya boksi. Fundi wa kuchonga lazima apime pistoni zenyewe kabla ya kuchonga, asifuate kitabu tu. Pakaza grisi kila uso uliochongwa na uifunge kwa plastiki kabla ya kuipakia Mkoani. Sitaha ya meli ina chumvi.

Bloku iliyopasuka niiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu?

Usiharakishe. Ipake oili, iandike kwa rangi mahali ufa ulipo, uiweke ndani, juu ya mbao. Ile yangu ya kwanza, yenye kiuzi cha kijivu kwenye silinda ya tatu, ilikaa miaka sita chini ya ngazi. Mwaka jana ilitiwa slivu, na sasa iko kwenye gari ya jirani yangu.